Tuulinde Mguu Baada ya Vali Mpya
Mwaka 2002 Dakta Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alimwekea mgonjwa wa kwanza vali ya aota ya moyo kwa mpira mwembamba, bila kupasua kifua. Leo mpira huo hupitia mara nyingi mshipa mkubwa wa damu kwenye kinena. Mshipa waweza kuchanika au kuziba. Daktari huubana kwa mkono, huuziba kwa puto, huweka kijibomba ndani, au hupasua na kushona.

Sisi tunaouguza tuhakikishe mguu umenyooka kwa saa zilizoagizwa. Kinena kikivimba au kutoa damu, mguu ukipoa, mgongo ukiuma ghafla, tumwite muuguzi papo hapo. Tusali, lakini tusinyamaze.