Kifuko cha Majimaji Katika Titi Baada ya Hedhi Kukoma

Titi la mwanamke lina tezi za kutengeneza maziwa, mirija inayoyapeleka kwenye chuchu, na mafuta yanayojaza nafasi iliyobaki. Na katika miaka yote ya uzazi tezi hizo huwa chini ya homoni za ovari, hasa estrojeni na projesteroni, zikijaa na kunywea kila mwezi. Ncha ya mrija ikipanuka na kujaa majimaji yasiyopata njia ya kutoka, hutokea kifuko ambacho madaktari hukiita sisti. Kifuko hicho chaweza kuwa kidogo kiasi cha kutoonekana ila kwa mashine, au kikubwa kiasi cha kushikika kama zabibu chini ya ngozi. Huwapata zaidi wanawake wa miaka 35 hadi 50, na kile cha kawaida, chenye maji matupu ndani yake, si saratani wala hakigeuki kuwa saratani.

Hedhi ikishakoma, yaani ikipita miezi 12 mfululizo bila damu ya mwezi, jambo linalowafika wengi kati ya umri wa miaka 45 na 55, estrojeni ya ovari hupungua mno, tezi husinyaa na mafuta hushika nafasi yake, hata vifuko vya zamani navyo aghalabu hutoweka vyenyewe. Ndiyo maana kifuko kipya kwa mama wa miaka 60 humfanya daktari aulize kimetoka wapi. Mara nyingi jibu hupatikana katika dawa, kwa kuwa wanawake wanaotumia homoni za kupunguza vipindi vya joto jingi na jasho la usiku huendelea kupata vifuko kana kwamba hedhi haijakoma. Hata asiyetumia dawa hizo hakosi estrojeni kabisa, kwani mafuta ya mwili yana kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huitengeneza kutokana na homoni nyingine. Lakini daktari hatosheki na maelezo hayo, kwa sababu uwezekano wa saratani ya matiti huongezeka kadiri umri unavyosonga.

Vidole peke yake havitoi uamuzi, hata viwe vya daktari mzoefu, maana kifuko kilichojaa sana huwa kigumu mithili ya nyama, na zipo saratani zenye umbo laini la duara. Mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, huonyesha kivuli bila kubainisha kama ni maji au nyama. Kinachobainisha ni altrasaundi, kipimo cha mawimbi ya sauti kisichotumia mionzi: mtaalamu hupaka jeli juu ya titi, hupitisha kifaa taratibu, na kifuko cha kawaida hujitokeza kikiwa cheusi tititi, chenye ukuta mwembamba ulio sawa pande zote, huku sehemu iliyo nyuma yake ikionekana angavu zaidi, kwa kuwa sauti hupita katika maji bila kupungua nguvu. Picha ikiwa hivyo, hakuna haja ya dawa wala upasuaji.

Kuna vifuko vyenye majimaji mazito au chembechembe zinazoelea, ambavyo hupatikana kuwa saratani kwa chini ya wanawake 2 katika kila 100, na kwa kawaida hufuatiliwa kwa kupigwa picha tena baada ya miezi 6 hivi au hufyonzwa kwa sindano. Vinavyotia wasiwasi hasa ni vile vyenye ukuta mnene, kuta nene za ndani au kipande cha nyama. Hivi haitoshi kuvitoa maji, kwa kuwa nyama yenyewe hubaki palepale. Lazima ifanyike biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha nyama hiyo kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi, kikapimwe maabara.

Sindano ya kufyonza hutumika pia kwa kifuko cha kawaida kinachouma. Maji yanayotoka huwa ya manjano, kijani au kahawia, na uvimbe ukinywea papo hapo shughuli imekwisha, ingawa kifuko chaweza kujaa tena. Yakitoka na damu, au uvimbe ukibaki, hupelekwa kupimwa. Wapo wanaoiogopa sindano wakiamini kwamba huamsha saratani, hofu isiyo na msingi, ambayo imewachelewesha wengi.

Hata kukosa maumivu hakupaswi kumtuliza mtu, kwani kifuko kisicho na madhara huweza kuuma sana, ilhali saratani changa mara nyingi haiumi. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hufika ugonjwa ukiwa umeshaenea. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwa hiyo mama aliyekoma hedhi akigusa uvimbe mpya, au akiona ngozi ya titi imevutwa, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, na aende hospitali wiki hiyohiyo, na aombe kupigwa altrasaundi.