Nani Atamfunza Kijana Uanaume?

Wako wasemao ya kuwa uanaume ni jambo moja tangu kale, wala haugeuki. Aitazamaye nchi ya Masasi ataona sivyo.

Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mwanamume akioa alihamia kijiji cha mkewe, akawalimia wakwe zake, na watoto wake walikuwa chini ya mjomba wao. Yule baba mwenye amri yote nyumbani, ambaye leo wengi humwita desturi ya mababu, huko alikuwa mgeni. Aliletwa na shule na misioni, tena na mikorosho, maana aliyepanda mti wa miaka mingi alitaka kumwachia mwanawe kuliko mpwa wake.

Uanaume ulifunzwa jandoni. Baada ya mavuno wavulana walitengwa porini, wakatahiriwa na ngariba, wakafundishwa mafumbo, adabu na uvumilivu. Wamisionari wengine walitaka kuivunja desturi hiyo kabisa. Vincent Lucas, aliyefanywa Askofu wa Masasi mwaka 1926, hakukubali. Yeye na mapadre Waafrika waliacha kambi, kisu na mafunzo, wakaondoa waliyoyaona mabaya, wakatia sala. Naona walifanya vema, kwani ukimzibia mtu mlango bila kumwonyesha mwingine, atapita dirishani.

Sasa kisu kimehamia hospitali. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Kijana hutiwa ganzi, hutahiriwa, hurudi kwao siku ile ile. Tumshukuru Mungu kwa usalama huo. Lakini mganga hana nafasi ya kukaa na kijana usiku kando ya moto, na mafunzo yamebaki bila mwenyewe. Vijana wa kijiweni wameyadaka: mwanamume halii, hashiki mwiko, hajibizwi na mkewe.

Huo mwiko ni ajabu! Zamani za Wazungu wapishi wa majumbani mjini walikuwa wanaume, wakipika killa siku kwa mshahara. Jiko halikuwaondolea uanaume walipolipwa. Litawaondoleaje wakimpikia mke mgonjwa?

Shule zikifungwa, wavulana wengi watapelekwa kutahiriwa. Kidonda hutaka wiki sita hivi kupona sawasawa. Baba na mjomba wanazo wiki hizo sita.