Jiwe la Ebenezeri



Wapendwa wasikilizaji, miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alifika ofisini parokiani akiwa na bahasha ya nia ya Misa. Mume wake alikuwa ametimiza mwaka mmoja tangu azikwe. Juu ya bahasha alikuwa ameandika neno moja tu: shukrani. Nilidhani amekosea, nikamshauri aandike kumbukumbu ya marehemu. Akanijibu kwa upole, "Baba, mume wangu namkumbuka kila siku. Lakini mwaka huu shamba langu limelimwa na wanajumuiya, na watoto hawakulala njaa. Nimekuja kumshukuru Mungu kwa hao walionishika mkono." Niliona haya. Nikaandika yote mawili, shukrani na kumbukumbu, na tangu siku ile sijaweza tena kuyatenganisha.

Maandiko Matakatifu nayo hayayatenganishi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 7, twasoma jinsi Waisraeli walivyokusanyika Mispa, wakafunga, wakaungama dhambi zao, na Mungu akawaokoa mikononi mwa Wafilisti. Ndipo Samweli akatwaa jiwe, akalisimamisha, akaliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada, kwa kuwa Bwana ndiye aliyewasaidia hata wakafika hapo.

Wengi wetu husoma habari hii tukaishia kwenye ushindi. Lakini turudi nyuma hadi sura ya 4. Jina hilo la Ebenezeri tumekwisha kukutana nalo. Hapo ndipo Waisraeli walipopiga kambi wakashindwa, wakapoteza kwanza watu wapatao 4,000, kisha 30,000. Sanduku la Agano likatekwa. Wana wawili wa kuhani Eli wakauawa, na mzee mwenyewe aliposikia habari za Sanduku alianguka kutoka kitini, akafa. Kwa masikio ya Mwisraeli, Ebenezeri lilikuwa jina la msiba.

Samweli hakutafuta jina jingine lisilo na majonzi. Aliliweka jina lile lile juu ya jiwe la shukrani, ili atakayepita hapo akumbuke mambo yote mawili: tuliangushwa, na Mungu hakutuacha.

Nawaomba makatekista walitafakari jambo hili kabla ya kwenda kuwafariji wafiwa. Mara nyingi mtu aliyefiwa huambiwa amshukuru Mungu hata kabla machozi hayajakauka, kana kwamba kulia ni upungufu wa imani. Samweli hakufanya hivyo. Kati ya msiba ule na jiwe hili ilipita miaka 20 na zaidi, na Maandiko yasema wazi kwamba nyumba yote ya Israeli iliomboleza. Tena, Samweli hakumshukuru Mungu kwa sababu ya kushindwa. Alimshukuru kwa msaada. Mjane wetu hakuja kutoa shukrani kwa ajili ya kifo cha mumewe, na asingeweza. Alikuja kwa ajili ya mikono iliyolima shamba lake. Kwa kuikumbuka mikono hiyo alipata nguvu ya kuukabili msimu mwingine wa kilimo, ambao nao angeuanza bila mume.

Sasa twende kwenye altare. Neno Ekaristi latoka katika Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Bwana wetu alipoiweka sakramenti hii alituagiza tuifanye kwa kumkumbuka yeye. Kwa hiyo kila Misa, hata ile ya asubuhi ya Jumanne yenye waumini sita, ni ya shukrani na ya kumbukumbu pamoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 1363, yafundisha kwamba ukumbusho katika Maandiko si kukumbuka tu mambo yaliyopita. Matendo ya Mungu yanapoadhimishwa katika liturujia, yanakuwapo kwa namna fulani kati yetu leo. Ndiyo sababu hatuendi Misani kama watu wanaotazama picha ya zamani.

Na tuangalie ni usiku gani Yesu alishukuru. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, ataja kwanza kwamba ulikuwa usiku ule aliotolewa, ndipo aeleza jinsi alivyotwaa mkate na kushukuru. Yuda alikuwa amekwisha kupatana bei na makuhani wakuu. Petro alikuwa karibu kumkana. Yesu aliyajua hayo, na bado alitwaa mkate mikononi mwake, akamshukuru Baba, akaumega, akawapa wanafunzi wake. Ilikuwa karamu ya Pasaka, ambamo Wayahudi hukumbuka jinsi Mungu alivyowatoa utumwani Misri. Mathayo aongeza kwamba, walipokwisha kuimba wimbo wa sifa, walitoka kwenda Mlima wa Mizeituni.