Wafukuze kunguni bila kutia sumu kitandani

Je, umewahi kuamka asubuhi ukakuta vipele vimejipanga mkononi au shingoni, na vidoa vya damu kwenye shuka? Basi huenda unalala na kunguni. Mdudu huyu hufyonza damu usiku, na mchana hujificha katika mishono ya godoro, nyufa za kitanda na viti.

Wengi hukimbilia dawa zinazouzwa barabarani katika chupa zisizo na maandishi, wakanyunyizia godoro, na usiku huo huo wakawalaza watoto papo hapo. Hilo ni kosa. Kunguni hukera na kuwasha, lakini hajulikani kuambukiza binadamu maradhi. Sumu hiyo ndiyo inayoweza kumuua mtoto wako. Nayo mafuta taa huweza kuteketeza nyumba. Isitoshe, kunguni wengi siku hizi wamezoea dawa.

Adui mkubwa wa kunguni ni joto. Joto linalopita nyuzi 50 humuua pamoja na mayai yake. Kwa hivyo fanya hivi:

Kwanza, loweka shuka, blanketi na nguo katika maji moto sana, kisha ufue na kuanika juani.

Pili, toa kitanda nje, ukifungue, na umwagie maji yanayochemka katika kila ufa. Watoto wakae mbali.

Tatu, anika godoro na usugue mishono kwa brashi. Jua pekee halitoshi, kwa sababu wadudu hukimbilia ndani.

Nne, ziba nyufa za ukuta, sogeza kitanda mbali nao, na utie miguu yake katika mikebe yenye maji ya sabuni.

Rudia kazi hii kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kwani mayai yaliyosalia huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Kuhama kwa muda hakusaidii; kunguni hustahimili njaa kwa miezi.

Ikiwa umepanga chumba katika ploti, usione haya kumwambia jirani. Kunguni huletwa na mizigo na samani kuukuu, wala si ishara ya uchafu. Ukisafisha chumba chako peke yako, watarudi kupitia ukutani. Shaurianeni, mchague siku moja, kila mlango uchemshe maji.