Mashimo Tisa Kabla ya Chai

Kwa miaka mingi tumekuwa tukiupita uwanja wa gofu wa Mombasa, pale kando ya Barabara ya Mama Ngina, bila ya kugeuza shingo. Tulijua kuwa klabu yake iliasisiwa zama za Mwingereza, nasi tukautia katika mambo ya wakubwa. Jumamosi iliyopita jirani yetu, mwalimu wa hesabu, alitushika mkono tulipotoka msikitini baada ya Swala ya Alfajiri, akasema, "Sheikh, leo twende ukaone kinachomtia hasira mama watoto."

Kisa twakijua, kwani mkewe alikwisha kukileta kwetu. Gofu kamili ni mashimo 18, nayo yataka saa nne au zaidi. Mumewe alikuwa akitoka gizani na kurudi adhuhuri i karibu, watoto wamekwisha kula na kutawanyika, siku imekatika. Bibi huyu hakuulalamikia mchezo; aliilalamikia Jumamosi yake. Nasi hatukuona kosa katika lalamiko lile. Wakapatana hivi: uwanja huu una mashimo tisa tu, na wachezao 18 huuzunguka mara mbili, yeye atauzunguka mara moja, awe nyumbani saa tatu kwa chai.

Tulipofika, umande ungali juu ya nyasi, na meli ya makontena ilikuwa ikiingia polepole mlango wa Kilindini. Kanuni humruhusu mchezaji fimbo 14. Mwalimu alikuwa na saba, zote za mtumba. Mpira wenyewe haufiki gramu 46, na upepo wa baharini huupeleka utakako. Twakiri kuwa tulicheka pigo lake la kwanza lilipoishia vichakani.

Tulimwuliza pia habari za dau, maana tumesikia kuwa wachezaji wengine huwekeana fedha. Akajibu kuwa wenzake alikwisha kuwaambia hachezei fedha, nao wakamwacha. (Laiti vijana wetu wa kabumbu, ambao simu zao zimejaa kamari, wangemsikia.)

Katika shimo la sita mpira uliangukia nyasi ndefu. Aliuona, akasimama tayari kupiga, na fimbo ikazigusa nyasi. Mpira ukasogea kiasi cha upana wa kidole. Wenzake walikuwa mbali, wamempa mgongo. Sisi tuliona, lakini hatukujua kuwa ni kosa. Akainama, akaurudisha mahali pake, kisha akawaita wenzake na kuwaambia wamwandikie pigo moja zaidi.

Tukiendelea kutembea alitusimulia habari za Bobby Jones, Mmarekani aliyeshinda mataji makubwa akiwa mchezaji wa ridhaa, asiyelipwa. Katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1925 mpira ulimsogea vivyo hivyo nyasini, akajihesabia pigo ambalo wengine hawakuliona. Akamaliza sawasawa na Willie Macfarlane, na katika marudio akashindwa kwa pigo moja.

Mwalimu naye alimaliza kwa mapigo 49. Hajapata kufikia 48 tangu aanze, na tulimwona akiikazia macho ile karatasi kwa muda. Wenzake walikuwa wakijitayarisha kwa mzunguko wa pili, wakamwita kwa jina la utani. Akawapungia mkono, akaubeba mfuko wake begani.

Nyumbani tulikuta mahamri yangali moto. Binti yake wa miaka tisa akaichukua karatasi, akajumlisha mstari kwa mstari kama alivyofunzwa, kisha akauliza mbona shimo la sita limezidi. Babake akamweleza. "Lakini hawakukuona," akasema mtoto.

"Mimi nilijiona."

Mkewe alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasorobo. Hakusema neno, akamsogezea bakuli la mbaazi, nasi akatumiminia chai.