Busiku, apareyi isitikisike hata kidogo

Mwaka jana mu mwezi wa saba, wakati wa baridi, bamama wa kartie yetu walikuja kutuona ku biro ya sendika. Walisema: «Mchana maji ya ule mufereji iko muzuri. Lakini busiku, saa nane hivi, kuko kintu inatoka mu tiyo, na nguo tunafua asubui inabakia na madoa.» Tulienda. Tulisimama ku njia ya watu wote, inje ya lupango ya kampuni, tukapiga picha kumi na moja na telefone mukononi. Siku ya mkutano enjenia akaangalia, akacheka, akauliza: «Hii ni tiyo ao ni moshi wa brazero yenu?» Hatukuwa na jibu. Picha zote zilikuwa ukungu mutupu.

Tuliwaza kosa ni ya telefone za bei ya chini. Kumbe kosa ilikuwa mikono yetu.

Mchana apareyi inafungua jicho kwa kipande kidogo sana cha sekunde. Busiku mwangaza ni kidogo, basi inaacha jicho wazi sekunde mbili, tano, hata kumi, ikusanye mwangaza pole pole, sawa vile ndoo inajaa ku robine yenye kutoa maji kidogo. Wakati huo wote, ukipumua, ukihamisha mguu, yote inaandikwa. Zamani, miaka ya 1840, bafotografe wa Ulaya walikuwa wanaweka chuma nyuma ya kichwa cha mtu ili asitikisike, juu apareyi za wakati ule zilikuwa polepole hata mchana.

Fundi mmoja wa kupiga picha za ndoa ndiye alitufundisha. Kama uko na trepye, fungua kwanza miguu ya juu, ile minene. Ile nyembamba ya chini uiache paka kama inalazimika. Usipandishe mti wa katikati, maana ndio unaocheza. Tundika chini yake mufuko wa mawe, lakini mufuko uguse udongo: ukining'inia mu upepo utatikisa yote. Udongo ukiwa laini, weka kipande cha mbao chini ya kila mguu. Na kwetu kuko adui ambaye fundi wa ndoa hakumuwaza: makamiyo. Moja ikipita na mzigo, udongo wote unatetemeka. Ngojea ipite, hesabu mpaka makumi mawili, ndipo upige.

Sisi hatukuwa na trepye. Tulichukua mufuko wa madesu, kilo mbili, tukauweka juu ya ukuta, telefone tukailazisha ndani sawa mutoto, tukaifunga na kipande cha mpira wa kinga.

Mwizi mkubwa ni kidole. Ukibonyeza, unatikisa. Basi weka saa ya kungojea, sekunde kumi, na uondoe mikono. Telefone nyingi zinapiga pia na kifungo cha sauti cha ekutere ya kamba. Wenye apareyi ya kweli wateremushe ISO mpaka 100 ao 200, na kama iko juu ya trepye wazime stabilizateri, maana zingine zinatafuta mutikisiko ambao hauko, zinauleta zenyewe.

Sasa jambo ambalo lilituumiza kichwa. Maji yenye kutembea, ukiacha jicho wazi sekunde nane, yanatoka meupe sawa maziwa, hata yakiwa safi kabisa. Tungepeleka picha ile peke yake, enjenia angetushinda mara ya pili, na angekuwa na haki. Kwa hiyo tulipiga mbili: moja ya muda mrefu, kuonyesha tiyo, ukuta na namba iliyoandikwa juu yake, ingine ya muda mfupi, na toroshi, kuonyesha rangi ya maji yenyewe. Tena busiku ukiacha jicho wazi sana, picha inafanana na mchana. Acha taa ya barabara na nyota zionekane, mtu asiseme mulikuja saa sita ya mchana.

Kwa ndugu zetu wa posti ya busiku: telefone isiingie pahali pa baruti na detonatere. Hakuna picha yenye bei ya mkono wa mtu. Na inje, usiende peke yako. Sisi tulikuwa watatu, delege mumoja na bamama wawili, na tuliandika saa na siku ku karatasi.

Mara hii enjenia hakucheka. Waliandika ku prosesi-verbali kwamba maji yatachotwa saa nane ya busiku, mbele ya delege wetu, mu chupa mbili, moja yao, moja yetu. Siku haijatajwa. Tunangojea, na kila juma tunauliza.

Mama mwenye madesu alikuja asubui kuyadai. Tukapima mbele yake: kilo mbili kamili, na mpira wa kinga juu.