Kompyuta Mbili Mpakani

Usiku wa Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma, Kongo, walimiminika huku kwetu Gisenyi, Rwanda, magodoro kichwani na watoto mkononi. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na hadi leo huwaza namna ya kuuigiza usiku ule ndani ya kompyuta, ili safari nyingine tujue watu watasongamana wapi.

Kompyuta moja ingelemewa. Basi, moja ibebe Goma, nyingine Gisenyi, na kila anayevuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière atumwe kama ujumbe wenye saa ya kufika. Balaa huanzia hapo. Gisenyi ina watu wachache, kwa hiyo mashine yake hukimbia na kufika saa tisa ya usiku. Mara unaingia ujumbe wa mama na wanawe watatu waliovuka saa tano. Walale wapi, ilhali nafasi zao zimekwisha kupewa wengine saa saba?

Kurekebisha saa za mashine hakusaidii. Vipimo vya matetemeko kandokando ya Ziwa Kivu ndivyo vinavyohitaji saa ya setilaiti: wimbi hupita mwambani kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde, hivyo sekunde moja ya kosa hupotosha mahali pa tetemeko. Saa ya uigaji ni ya kubuni, setilaiti haiijui.

Wanasayansi wa kompyuta Bryant mwaka 1977, kisha Chandy na Misra mwaka 1979, walisema: mashine isisogee mpaka iwe na hakika kwamba hakuna ujumbe wa saa ya nyuma utakaoingia. Lakini zote zikingojeana, kazi hukwama. Ndipo hutumwa ujumbe mtupu, usiobeba mtu bali ahadi tu. Goma husema: "Kwangu ni saa nne kamili, na kuvuka huchukua angalau dakika 5." Gisenyi husonga hadi saa nne na dakika tano bila wasiwasi. Ahadi hiyo yote inasimama juu ya zile dakika 5. Kuvuka kungekuwa kwa papo hapo, Goma isingekuwa na la kuahidi.

Jefferson, mwaka 1985, alipendekeza ujasiri: kimbia, ujumbe ukichelewa rudi nyuma, ufute uliyoyafanya, na utume ujumbe wa kubatilisha uliokwisha kuwatumia wengine. Ni mbinu nzuri wavukaji wakiwa wachache. Kwa usiku kama ule, mashine ya Gisenyi ingeshinda inafuta, huku kumbukumbu yake ikijaa nakala za hali zilizopita. Mimi ningechukua ahadi ya dakika 5.